Mlango wa Chumba cha Sindano

Siku ya kliniki ya watoto zahanati nzima huwa kelele tupu. Barazani wifi yake muuguzi alikuwa anapima uzito, akiwaning'iniza watoto mmoja mmoja kwenye mizani. Ndani, katika chumba chenye meza, benchi na jokofu la chanjo, muuguzi mwenyewe alikuwa anachoma sindano. Mtoto akishapimwa, mama yake anaingia naye kwa muuguzi, mtoto analia kidogo, basi kwaheri.

"Wifi, huyu mzito kama mfuko wa saruji," wifi yake alisema kutoka nje. "Mchome taratibu asije akakuzaba kofi."

"Subiri wako. Akirithi kichwa cha kaka yangu, leba utaiona chungu," muuguzi akajibu.

"Kichwa cha ukoo wenu nakijua. Nimeanza maombi mapema."

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Wifi yake alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya miaka ya kungoja na kusemwa na watu.

Ndipo kitu kikalipuka getini. Kabla hawajajua ni nini, kikalipuka cha pili, na mtu akapiga yowe kwamba magaidi wameingia. Kupitia dirishani muuguzi aliona wanaume waliofunika nyuso wakikimbia uani na bunduki mikononi.

Tangu soko la mji wa jirani lilipuliwe, watu walikuwa wanaishi roho juu. Muuguzi alikuwa amepelekwa kwenye semina ya usalama, na mkufunzi alisema neno moja lililomganda kichwani: ukishafunga mlango, usimfungulie mtu yeyote, hata sauti unayoijua, kwa sababu nyuma yake huenda kuna mtu na bunduki.

Mwili ukafanya kabla ya akili. Akafunga komeo, akasukuma jokofu likaegemea mlango, akazima taa. Akina mama wakajibanza chini ya meza, wakawatia watoto titi mdomoni ili wanyamaze.

Mlango ukagongwa, polepole, kwa vidole.

"Wifi. Ni mimi. Nifungulie."

Mkono wake ukaenda kwenye komeo wenyewe. Mama mmoja mdogo, hata miaka ishirini hajafika, akamshika sketi.

"Dada, usifungue. Nakuomba."

Aliwatazama pale chini. Kichwa kimoja cha mtoto kilikuwa kinajigeuza kutafuta hewa. Hakufungua.

"Wifi, nasikia unavyohema," sauti ikasema, karibu kabisa na ubao. Kisha, chini zaidi: "Jamani, wifi. Mtoto."

Baadaye kandambili zikasikika zikienda, pa, pa, pa, hadi zikapotea. Muuguzi alibaki ameshika lile komeo, machozi yakimtoka bila kilio.

Hapo kipaza sauti kikakoroma uani.

"Zoezi limekwisha. Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu."

Hakuna aliyeinuka. Yule mama mdogo alicheka mara moja, halafu akatapika.

Nje, wanaume wale walikuwa wamevua vitambaa usoni, vijana tu, wanakunywa maji. Mmoja ameokota kiatu cha mtoto, anauliza ni cha nani. Muuguzi aliwapita kama hawaoni. Alimkuta wifi yake nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, mikono yote miwili tumboni.

Akamwinua, akamrudisha ndani, akamlaza kwenye benchi, akamsikiliza tumbo. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, mwepesi, sawasawa. Alisikiliza tena na tena, na wifi yake akatazama dari muda wote.

Mkufunzi yule wa semina akawakusanya barazani.

"Dada huyu," alisema akimwonyesha, "ndiye pekee aliyefuata mafunzo. Amegongewa na mtu wake wa karibu, hakufungua. Mpigieni makofi."

Makofi machache yakaanza.

"Naomba msipige," muuguzi alisema. Yakakatika. "Kwa nini hamkutuambia?"

"Tungewaambia mngeigiza. Tulitaka hofu yenyewe."

"Hofu yenyewe tunayo. Wale waliolipua soko walitugawia ya kutosha. Nyinyi mlikuja kutuongezea ya nini?"

Daktari msimamizi, ambaye ndiye aliyewaruhusu, alikuwa anatazama viatu vyake.

Akina mama wengine waliondoka bila chanjo. Wachache walibaki, wakakaa palepale chini, kama watu walioteremshwa njiani wasijue wako wapi. Chumbani wakabaki mawifi wawili.

"Ulijua ni mimi," wifi yake alisema.

"Nilijua."

"Na siku ikija ya kweli?"

Uongo mdogo ungetosha. Ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, mtamu, na mwenzake pengine angeupokea. Muuguzi akaumeza.

"Sijui, wifi. Humu ndani mlikuwa na watoto."

"Na huyu?"

"Huyo ni damu yangu."

"Lakini alikuwa nje."



Wifi yake aliinuka kwa kujishika kiunoni. Akatoka kwenda barazani, akaanza kuishusha mizani, na muuguzi akadhani anafunga kazi, anaondoka, na harudi tena. Lakini akarudi nayo imemlalia begani, nyuma yake anaburuta kiti.

"Unaipeleka wapi?" daktari msimamizi aliuliza. "Kupima ni nje. Humo hamtatosha."

"Tutabanana," alijibu bila kugeuka.

Akasimama katikati ya chumba, anatafuta penye nafasi. Bado hakuwa amemtazama muuguzi usoni.

"Sogeza jokofu lako," alisema.

Muuguzi akalisogeza.