Nyumba Yenye Magurudumu Mawili

Fundi wa mbao aliingia na futi yake ya chuma Biubwa akiwa anageuza mandazi, na Yasini mumewe akiwa bado kalala. Hodi hakupiga. Alianza kupima mlangoni, akaivuta futi juu ya beseni la unga, juu ya sinia, juu ya tumbo la Yasini, akaifikisha ukutani.

Yasini alifungua jicho moja. "Kwani nimeshakufa? Unanipimia sanda?"

"Hapana, papa, lala tu," sauti ilijibu kutoka mlangoni. "Tunapima chumba."

Sauti hiyo ilikuwa ya Mama Masika, mtu wa Butembo, Kongo, ambaye mwenyewe alikuwa mpangaji vilevile. Aliikodi nyumba hiyo kuukuu ya Bellevue, mjini Johannesburg, kwa tajiri ambaye hapana aliyewahi kumtia machoni, akawa anaikatakata kwa mbao na kupangisha vipande. Sebule ilishazaa kaya nne. Bafu nalo lilikuwa na dalili.

"Miye siwafukuze, mama," alimwambia Biubwa. "Nataka kuweka ukuta ya mbao hapa katikati. Ninyi mutabakia upande huu. Bei ni ile ile."

"Bei ile ile kwa nusu chumba?"

"Vitu vyote vinapanda, mama. Hata ile mbao ya kukatia chumba imepanda."

"Na dirisha?"

Mama Masika alilitazama dirisha kwa huruma, kama mtu anayemuaga jamaa. "Dirisha itaenda upande ile ingine."

Biubwa alikuwa mtu wa Zanzibar, mpole mpaka umgusie jiko lake. Alikuwa akipika mandazi na sambusa chumbani mle, akiuza alfajiri kwa walinzi na wasusi, na moshi wote ulitokea dirisha hilohilo. Kupika kwenye kabati lisilo na tundu ni kujikausha mwenyewe kama papa mkavu. Alimpa Mama Masika andazi moja, kwa sababu adabu ni adabu, akafunga mlango.

"Leo ni leo," alimwambia mumewe. "Amka. Tunakwenda Malvern kuangalia ile karavani."

Karavani yenyewe ilikuwa imeegeshwa kwenye kiwanja kando ya gereji ya Alexis, fundi magari wa Lubumbashi, hatua chache kutoka barabara ya Jules. Ilikuwa ile nyumba ndogo ambayo wazungu huifunga nyuma ya gari wakaenda nayo baharini kupumzika. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa ilikuwa na rangi ya jino la mvuta sigara. Ina kitanda, sinki, kabati, na madirisha matano. Biubwa aliyahesabu madirisha hayo wiki mbili nyuma, alipopeleka sambusa za mafundi, na tangu hapo hakulala vizuri. Alexis alikuwa tayari kumuuzia na kumwacha akae palepale kiwanjani, na waya wa umeme angemvutia kutoka gereji.

Kilichobaki ni Yasini kukubali, na Yasini, mtu wa Tanga, alikuwa hanunui hata soksi bila kwanza kuswali istikhara, amwombe Mungu amchagulie. Kwa karavani aliswali mara tatu. Usiku wa kwanza hakuota kitu. Wa pili aliota mama yake anakaanga dagaa. Wa tatu alimwota bosi wake, yule Msomali wa duka la nguo la Mayfair anayembebesha marobota, akimwambia kachelewa.

"Sasa hilo jibu gani?" Biubwa aliuliza.

"Bado halijafika."

Ukweli aliuficha nyuma ya istikhara, lakini mkewe aliujua. Fedha ya kununulia karavani ilikuwa fedha ya tiketi. Waliiita fedha ya kurudi, na haikuguswa walipougua, wala mwaka 2015 watu walipochoma maduka ya wageni, na wao wawili wakakimbia na nguo za mwilini.

"Tukiinunua ndiyo tumeshakubali, Biubwa," alisema mwishoni, akitafuta kiatu chini ya kitanda. Sauti ilikuwa imemshuka. "Ndiyo hatuendi tena nyumbani."

Hilo lilimchoma Biubwa, maana naye alikuwa na mama yake Makunduchi anayeuliza kila Idi. "Na kukaa gizani nusu chumba ndiyo kwenda nyumbani?" alisema. "Halafu hii ina magurudumu. Siku wakitufukuza tena, tunakimbia na kitanda."

"Tunakimbia? Gari ya kuivuta unayo?"

"Kila kitu unataka leo leo!"

Yasini hakwenda peke yake. Alimpigia Maalimu Duni, anayesomesha watoto Kurani kule Mayfair, aje aione na kuiombea. Na Maalimu angefichaje jambo kama hilo msikitini? Wakaja saba pamoja na Yasini, kila mmoja na rai yake mfukoni. Mmoja aligonga kuta. Mmoja alinusa sinki. Mmoja alilipiga teke tairi, kwa sababu mwanamume akiona tairi lazima alipige teke.

"Papa, utapasua!" Alexis alipiga kelele. Alikuwa kavaa ovaroli na tai, kwa kuwa alikuwa anauza. "Hii njo nyumba ya kweli. Bazungu balilala humu miaka mingi, hakuna aliyekufa. Vraiment, mama, c'est du solide, ni imara. Haivuje hata tone."

"Mbona inauzwa kama ni nzuri?" aliuliza mnusa sinki.

"Juu ya kodi, papa. Miye pia bananipandishia."

Hapo mnusa sinki aliacha kunusa, maana huo ulikuwa ugonjwa wa wote.

Mbingu ya Johannesburg ikaamua kumjaribu Alexis. Radi ilipiga, kisha ikashuka mvua ya mawe, ile ya mchana wa msimu wa joto wa huko, inayotoboa hata kofia. Wanaume wote saba waliingia karavani wakisukumana. Biubwa na Alexis walibaki chini ya mabati ya gereji, na Biubwa akawa anatazama paa la karavani kwa roho juu.

"Inavuja?" alipaza sauti.

"Haivuji!" walijibu saba kwa pamoja, na Alexis akanyoosha tai yake.

Ikawa Alasiri imeingia, na mvua haionyeshi kuchoka. Maalimu Duni alisema wasiichelewe sala, waswali humohumo, tena ndiyo baraka ya nyumba mpya. Akatoa simu, akatafuta kibla. Kibla kilikuwa kaskazini, na kaskazini kulikuwa ndiko nyuma kabisa ya karavani, kwenye kitanda. Walikiinua kitanda, wakatandika kanga ya Biubwa. Maalimu akasimama mbele. Safu ya kwanza ina thawabu zake, na pale hapakuwa na aliyekuja Alasiri kutafuta thawabu za safu ya pili, basi wakabanana bega kwa bega huko nyuma, na upande wa mlango ukabaki mtupu.

Alexis aliyaona hayo dirishani, akaanza kuhesabu kwa vidole. Uso ukambadilika.

"Mama," alimnong'oneza Biubwa, "bale batu, banaweza kuja huku mlangoni kidogo?"

"Wanaswali. Hawasemeshwi."

"Ni kwa sababu ya ile miguu."

"Miguu gani?"

Karavani ina magurudumu mawili tu, hapo katikati, na pembeni ina miguu ya chuma ya kuizuia isibembee. Ile miguu ya nyuma Alexis alikuwa ameifungua tangu jana, akaiweka chini ya gari la mteja aliyekuwa na haraka.

Waliposimama, haikuwa kitu. Waliporukuu, karavani iliguna. Maalimu akasema Allahu Akbar, watu saba wakaenda sijda kwa pamoja, vichwa vyote kaskazini, na nyumba nzima ikawafuata. Nyuma ikashuka tii, ikakita matopeni. Mbele, ule mkono wa chuma wa kufungia gari ukapaa juu, ukasimama unaelekeza mawinguni.

"Yarabi!" Biubwa alitoka mbio mvuani.

Ndani, vichwa vilibaki chini. Ilikuwa sijda ndefu, maana kuinuka hakukuwezekana. Biubwa alirukia mkono ule wa chuma, akaning'inia, miguu ikipiga hewani. Alexis akamdaka kiunoni, akaomba radhi, akamwachia, akaning'inia pembeni yake. Mafundi wawili wakaja kuongeza uzito. Pole pole nyumba ikarudi chini, na Maalimu Duni, ambaye hakuwa ameivunja sala, akaendelea na rakaa iliyofuata kwa sauti iliyokwaruza kidogo.

Walipotoa salamu, wakatoka mmojammoja, kila mtu na paji la uso lina tope la viatu, maana kanga iliteleza. Aliyepiga teke tairi alikuwa anachechemea.

"Sala imesihi," alisema Maalimu. "Nyumba ndiyo siijui."

"Hilo ndilo jibu la istikhara," Yasini alisema. Hakuweza kuificha furaha yake. "Twende zetu, Biubwa."

Mkewe bado alikuwa kalalia ule mkono wa chuma, kalowa chapachapa. Ndipo lango la kiwanja lilipofunguliwa, akaingia kijana mwenye koti la kung'aa, kama la wakaguzi wa jiji, na ubao wa kuandikia. Ofisi yake hakuitaja. Ilikuwa Jumamosi, lakini kazi ya kusumbua watu haina wikiendi.

"Eish," alisema kwa Kiingereza, akiizunguka karavani. "Hii ni nini?"

Alexis alitabasamu. "Ni nyumba, bosi."

"Kama ni nyumba, iko wapi ramani iliyopitishwa?"

"Samahani, nilitaka kusema ni gari."

"Kama ni gari, iko wapi leseni? Na kwa nini ina sinki?" Kijana aliandika. "Nani mwenyewe?"

Hapo ndipo ungewajua watu. Alexis, ambaye mchana kutwa alikuwa anaisifu, alisema ni ya mama yule. Yasini akasema hapana, wao bado wanafikiria. Wale wageni wa Mayfair walianza kusoma mbao za matangazo ng'ambo ya barabara.

"Si yangu, bosi," Alexis alirudia, mkono kifuani. "Mbele ya Mungu. Ilikuja tu."

"Sharp, sawa. Kama haina mwenyewe, nitaita gari la kuvuta liichukue leo hii."

Biubwa alicheka, tena kicheko cha uchungu. Asubuhi wameulizana gari ya kuivuta wataitoa wapi, kumbe ipo, tena ya bure, ila inavuta upande mmoja tu. Alimtazama mumewe mwenye tope usoni. Aliyatazama madirisha matano. Moyo ulimwuma kwa ajili ya Makunduchi, ulimwuma kwelikweli, akaumeza uchungu ule.

"Alexis, umeshasema mbele ya watu si yako," alisema. "Nakupa nusu ya ile bei, na ile miguu unirudishie kesho asubuhi."

"Mama! Nusu?"

"Au mwite bwana hapa akupe yeye."

Alexis alimtazama bwana, akautazama ubao, akalegeza tai. "Chukua, mama. Mungu anaona."

"Biubwa," Yasini aliita taratibu.

"Najua, mume wangu. Najua." Alimgeukia yule kijana. "Ni yangu. Andika."

Kijana aliandika jina lake, akamtaka alirudie herufi moja moja. Kisha kalamu ikasimama. "Unakaa wapi? Notisi lazima iwe na anwani."

Biubwa alilipiga bati la karavani kwa kiganja. "Hapa."

"Hapa hairuhusiwi kukaa mtu."

"Ndiyo hivyo. Ndipo ninapokaa."

"Nikiandika hapa, nitakuwa nimekubali kwamba unakaa." Kijana alikuna sikio. "Na nisipoandika, notisi haina pa kwenda."

"Mwanangu, kazi hiyo ni yako. Mimi nishamaliza yangu."

Mvua ilianza tena kudondoka juu ya ubao. Kijana alitazama barabarani, akatazama saa, akaandika namba ya kiwanja na neno karavani, akapiga muhuri, akachana nakala, akaondoka upesi kabla wino haujaloa.

Yasini aliisoma karatasi kwa sauti. Miaka yote waliyokaa Johannesburg, karatasi zao zote ziliandikwa kwamba wanapita tu. Hii ndiyo ya kwanza ya nchi ile kukiri kwamba Biubwa anakaa mahali, nayo ilimpa siku kumi na nne ahame.

Biubwa aliichukua, akaingia nayo ndani, akaibandika ukutani juu ya sinki kwa gundi ya Alexis. Halafu akamtuma mumewe Bellevue akalete jiko.