Polishi ya Badru

Tangu habari ienee kwamba wafadhili wamefunga mkono, ofisi ya shirika la kuhudumia wakimbizi pale Kibondo ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu walisalimiana kwa sauti ya chini, wakaulizana kwa macho, wakarudi kwenye viti vyao kusubiri. Kila wiki uvumi mpya. Leo wanapunguzwa wahasibu, kesho walinzi. Halafu ukaja uvumi uliomgusa dereva Reverien moja kwa moja: mkurugenzi anakuja kutoka Dar, na akiondoka ataacha gari moja na dereva mmoja.

Yalikuwa yamebaki magari mawili uani, Land Cruiser nyeupe za umri mmoja. Moja aliliendesha Ridhiwani, kijana wa Ujiji, mcheshi, asiyejali sana. Lingine ndilo la Reverien. Lilikuwa la shirika, kweli, lakini alikuwa amelishika miaka kumi na moja, hata watu wa kambi ya Nduta wakiliona kwa mbali walisema, "Reverien huyo." Mama mmoja alijifungulia kiti cha nyuma, njiani, mvua ikinyesha, na mtoto akapewa jina la dereva.

Reverien hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi miaka ya sabini, wakalima Rungwe Mpya upande wa Kasulu, na katika ukoo wao wote yeye ndiye wa kwanza kupokea mshahara. Kwa mshahara huo alijenga nyumba ya tofali za kuchoma pale Kibondo, na binti yake Ange alikuwa anasoma sekondari ya bweni Kasulu.

Jumamosi moja, akitoka kumpelekea Ange sabuni na madaftari, alipita dukani kwa Badru karibu na stendi ya Kasulu. Badru aliuza vipuri, na nyuma ya kaunta alikuwa na rafu nzima ya vitu vya kung'arishia magari.

"Nataka kitu cha kurudisha rangi," Reverien alisema. "Gari limepauka. Vumbi letu unalijua."

Badru alimwonyesha polishi za kawaida, kisha akazirudisha mwenyewe. "Kaka, sikudanganyi. Hizi ni mafuta tu. Unapaka leo, kesho vumbi linanata, mwezi ujao rangi imekufa zaidi." Akafungua kabati akatoa kiboksi cheusi. Ndani mlikuwa na kopo la dawa ya kusugulia, vitambaa laini kama manyoya ya kifaranga, na kichupa cha kioo kisichozidi kidole. "Hii ndiyo yenyewe. Inashikana na rangi inakuwa kama ngozi ya pili. Maji yanateleza, tope linateleza. Miaka miwili haitoki, hata usugue na sabuni ya aina gani."

Alipotaja bei, Reverien alicheka, akidhani anataniwa. Aliaga, akaenda mpaka stendi, akakata tiketi ya basi la Kibondo. Kisha akarudi dukani akalipa.

Mkewe Esteri alikigeuza kile kichupa mkononi kwa muda mrefu. Esteri aliuza maharage na unga wa muhogo sokoni, na bei ya vitu aliijua kwa kuangalia tu.

"Baba Ange, hii ni ada ya mtoto."

"Najua."

"Sabuni ya unga na kitambaa vimeshindwa nini?"

"Yakiwekwa magari mawili pamoja, mkurugenzi atachagua lipi? Lililochakaa?"

"Mtu wa Dar anaangalia makaratasi yake. Gari anapanda tu." Alikiweka kichupa mezani taratibu, kana kwamba kingeweza kuvunjika kwa maneno. "Kama lingekuwa la kwetu, nisingesema kitu."

Reverien alikirudisha kichupa kwenye kiboksi chake. Moyoni alijua mkewe ana haki. Lakini alijua pia kwamba akikaa bila kufanya chochote mpaka siku hiyo ifike, akisikiliza uvumi pamoja na wenzake, atapata wazimu. Mikono yake ilitaka kazi.

Alifanya kazi hiyo Jumamosi na Jumapili, chini ya banda la magari, hata ibada hakwenda. Aliliosha kwanza, akaondoa lami iliyoganda juu ya magurudumu, akasugua kwa mkono kipande kwa kipande maana mashine hakuwa nayo. Weupe wa zamani ulianza kujitokeza chini ya ule wekundu wa udongo ulioingia kwenye rangi miaka yote. Mabega yalimuuma hata kijiko kikawa kizito. Mwisho akapaka dawa ya kichupa, matone machache machache, akifuta upesi kabla haijakauka, kama alivyoelekezwa.

Ridhiwani alikaa juu ya ndoo akitafuna muwa. "Mzee, wewe unalipaka gari au unaliposa?"

"Na lako ulipige japo maji."

"Langu likiambiwa lirudi Dar, litarudi hivyohivyo lilivyo."

Jumatatu walinzi walikuja kujitazama kwenye milango. Mhudumu wa usafi alisema ni gari jipya limeletwa. Mvua ilinyesha saa nne, na maji yakakimbia juu ya boneti yakawa vishanga, yakaanguka, boneti ikabaki kavu. Badru hakuwa amedanganya hata neno moja.

Mkurugenzi alifika Alhamisi na gari la kukodi. Alishuka, akapita kando ya Land Cruiser ya Reverien, akasimama. Reverien, aliyekuwa amevaa shati lake jeupe la harusini, alijiweka tayari kujibu. Mkurugenzi alijitazama kwenye rangi ya mlango, akanyoosha kola ya shati, akaingia ukumbini.

Mkutano haukuchukua hata nusu saa. Hakuna gari litakalobaki, hakuna dereva, hakuna ofisi. Mwisho wa mwezi wa nne mlango unafungwa. Aliwashukuru wote kwa moyo wao wa kujitoa.

Siku ya pili mkuu wa ofisi, mama Laurentine, aliwaita madereva wawili. Alikuwa Mkongomani aliyeishi Tanzania tangu utoto, mwanamke wa haki, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwaambia magari yatauzwa. Mthamini atakuja kuyapangia bei, na kila dereva atapewa nafasi ya kwanza kununua lile alilokuwa akiliendesha. Akishindwa, linakwenda kwenye zabuni.

"Bei zenyewe huwa si mbaya," alisema akipunguza sauti. "Magari ya umri huu wanayahesabu kama vyuma. Kiinua mgongo chenu kinaweza kutosha."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, nyumbani kwa Reverien kulisikika kicheko. Walilipanga gari lile mpaka likawa limeshaanza kazi: abiria asubuhi Kibondo kwenda Kasulu, jioni mzigo wa maharage wa Esteri mwenyewe, siku za mnada vijijini. Esteri alitaka liandikwe jina la Ange kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa anachagua rangi ya maandishi alipoona mumewe ameacha kucheka.

"Nini?"

"Mthamini anapanga bei kwa anachokiona," Reverien alisema.

Esteri akasema, "Yemwe," kwa Kirundi cha mama yake, kama mtu aliyeona moto kwenye nyumba ya jirani ukielekea kwake. Kisha akapata ujasiri. "Basi lichafue. Kwani tope limekwisha Kibondo?"

Siku moja kabla ya mthamini kuja, Reverien alitumwa Kitahana kurudisha matanki ya maji yaliyokuwa yameazimwa kutoka zahanati ya huko. Njiani alilitafuta kila dimbwi. Alipita bondeni mahali ng'ombe wanaponyweshwa, akarudi nyuma, akapita tena. Alishuka akachota tope kwa mikono akalipaka kwenye milango, kwenye paa, kwenye taa. Watoto waliokuwa wakichunga walimshangaa baba mzima, mwenye mvi, akilichafua gari huku machozi yakimtoka. Hakuwajali. Gari likawa kama kichuguu.

Mvua ilimkuta kabla hajaingia mjini, mvua ya mwezi wa nne, ile isiyouliza. Alipozima injini uani, tope lote lilikuwa limeshateleza likaishia barabarani. Gari lilikuwa jeupe kama yai.

Esteri alikuwa amekuja na khanga kichwani kumsubiri. Alilizunguka gari, akainama, akaokota msumari penye mbao za banda, akampa.

"Piga. Upande wote. Sema ulikwaruzwa na miiba."

Reverien aliuchukua. Aliiweka ncha yake juu ya mlango wa dereva, pale alipokuwa akiegemeza kiwiko miaka yote ile, akakaza mkono. Alisimama hivyo mpaka Esteri akachoka kumtazama.

"Ni mali ya watu, mama Ange."

"Na sisi ni nani?"

Mkono haukwenda. Baadaye, kwa miezi mingi, alijiuliza kama ule ulikuwa uaminifu au ni woga tu, na hakupata jibu. Aliutupa msumari. Esteri alijifunga khanga vizuri, akatoka getini bila kumsubiri.

Mthamini alikuwa mtu mnene mwenye heshima zake. Alianza na gari la Ridhiwani. Aligonga mabonyeo ya mlango, akakuna kutu chini ya ngazi ya kupandia, akatikisa kichwa, akaandika. Alipofika kwa la Reverien alitembea taratibu, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Hili limetunzwa. Dereva ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Hongera sana. Magari ya miradi huwa yananitia huruma. Hili lingeweza kwenda hata Dodoma."

"Injini imechoka," Reverien alisema kwa haraka. "Giaboksi inalia. Linakula oili. Ukilisikiliza mlimani…"

Mthamini alicheka, si kwa ubaya. "Kila dereva anayetaka kununua huniambia hivyo. Mtu aliyetunza nje hivi, ndani ataachaje?"

Na kweli, ndani pia hakuwa ameacha.

Bei ilipotoka, la Ridhiwani lilikuwa chini kuliko hata walivyoota. La Reverien lilikuwa mara mbili na nusu ya hilo, na kiinua mgongo chake hakikufika. Alikwenda kwa mama Laurentine, akasimama mbele ya meza yake bila kuketi.

"Mama, magari haya yalikuja siku moja. Injini moja, barabara moja."

"Najua, Reverien."

"Tofauti ni polishi tu. Niliinunua kwa hela yangu."

Mama Laurentine alifunika uso kwa viganja viwili. "Nikigusa bei hata kidogo nitaulizwa kwa nini ya huyu na si ya yule. Nisamehe."

Alijaribu kukopa. Chama cha akiba kilimwambia waliofukuzwa kazi ni wengi mno, hawakopeshi mtu asiye na mshahara. Shemeji yake alikuwa amefukuzwa shirika lingine wiki hiyohiyo. Ridhiwani, ambaye furaha ilikuwa imemjaa na aibu pia, alimwambia, "Mzee, utakuwa unanishikia langu siku nikichoka. Riziki tutagawana." Alimaanisha. Lakini safari zenyewe zilikuwa zimepungua, maana waliokuwa wakisafiri ni hao hao wa mashirika, na kabla ya mwezi kwisha Ridhiwani alilipeleka gari lake Kigoma kutafuta kazi huko, akaacha kupokea simu.

La Reverien lilichukuliwa na mfanyabiashara wa mbao wa Kasulu. Siku ya kukabidhi, Reverien ndiye aliyetoa ufunguo. Yule bwana alipitisha kiganja juu ya boneti.

"Umelipaka nini, ndugu?"

Reverien akamweleza dawa, na duka, na jinsi ya kufuta kabla haijakauka.

"Ghali?"

"Ghali."

"Lakini hela yako haikupotea," mfanyabiashara alisema, akapanda.

Kiinua mgongo kilimalizia ada ya Ange ya muhula ule, na kikawalisha miezi mitatu. Sokoni Esteri alikaa na magunia yake mpaka wadudu wakaingia kwenye maharage. Mji ulikuwa umepungukiwa na wanunuzi. Nyumba waliitangaza, hakutokea mtu. Walipoona hali ni hiyo, Esteri alibaki Kibondo na vitu vya ndani, na Reverien akaenda Rungwe Mpya kulima shamba la baba yake, akisema ni kwa msimu mmoja tu. Ange alirudishwa nyumbani muhula uliofuata. Hakulia mbele yao.

Mzee, baba yake Reverien, alikuwa amefika umri wa kusahau. Alimpokea mwanawe kwa furaha kubwa, na kila asubuhi, akimkuta Reverien ameketi mlangoni na jembe, alimsalimu upya kama mgeni aliyeingia jana. "Mwakeye, mwanangu. Unarudi lini kazini?"

Mwanzoni Reverien alimweleza yote: wafadhili, mkurugenzi, mthamini. Mzee alisikiliza, akasikitika sana, akainamisha kichwa kwa uchungu wa habari mpya. Kesho yake aliuliza tena, na uchungu ukawa mpya tena.

Siku ya sita au ya saba Reverien hakuweza tena. "Jumatatu, baba," alisema.

"Ego," mzee aliitikia kwa Kirundi, akitabasamu. "Usichelewe. Watu wanakusubiri." Akaenda kwa jirani kumweleza kwamba mwanawe amekuja likizo.

Reverien alilibeba jembe begani akashuka shambani. Kulikuwa na jua kali, na magugu yalikuwa yameshafika magotini.