Nyumba ya Mzee Hilali

Kila Mwanahawa alipokumbuka utoto wake, kilichomjia kwanza ni baridi ya Kibondo. Baridi ya Julai alfajiri, saruji ikiuma nyayo, na mama yake, Bi Zaitun, jikoni uani anachoma maandazi ya iliki huku akiimba nyimbo za kwao Pangani. Baba yake, Mzee Hilali, aliuza vitambaa barazani. Mteja alikuja kutafuta kitenge, akaketi, akaletewa chai, na mara nyingine akaondoka bila kitenge lakini amecheka hadi machozi.

Mzee alipofariki, baba zake wadogo waliiuza nyumba wagawane urithi. Mama alikwishatangulia, na Mwanahawa alikuwa chuoni, hakuna aliyemuuliza. Mnunuzi alikuwa Mzee Kipriani, fundi seremala, mtu mpole. Kila Mwanahawa alipopita Kibondo alimkaribisha ndani na kumwacha akae uani kadiri apendavyo.

Mwishoni mwa mwaka 2014, Mwanahawa akifundisha sekondari Kasulu, simu yake iliita.

"Mwana wanje," alisema Kipriani, akimwita mwanangu kwa Kiha, "mimi na mke wangu Esteri tunarudi Busunzu, tukajenge na kulima. Nyumba naiuza. Nimeona nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine."

Akamtajia bei, na Mwanahawa akasema anaitaka. Usiku ule hakupata usingizi kwa furaha. Kisha akakumbuka mikopo yake: wa benki aliolipia masomo, wa saccos ya walimu, na wa kampuni moja ya kukopesha watumishi, aliouchukua kumtibu mdogo wake alipougua. Makato ya ile mitatu yaliutafuna mshahara mpaka akabaki na cha kununulia maharage na unga wa muhogo tu.

Mwalimu mwenzake, Pelagia, ndiye aliyemshauri. "Unganisha. Benki inalipa yote mitatu, wewe unabaki na deni moja la miaka mingi zaidi. Makato yanashuka. Kwa makato haya nani atakupa mkopo wa nyumba?"

Mwanahawa aliona ni maneno ya busara. Akaunganisha. Mwezi uliofuata mshahara ulipoingia ukiwa umenona, alinunua migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, akapika kama mamaye alivyopika, kwa nazi, akamwita Pelagia wakala pamoja.

Baada ya hapo akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Afisa mikopo, Athuman, kijana mwenye sauti ya taratibu, alitazama kompyuta yake kwa muda.

"Mwalimu, ulipounganisha, mbona hukutuambia kwamba unataka nyumba?"

"Nilikosea kuunganisha?"

"Hapana. Kwa mshahara wako, bila kuunganisha usingefaa kabisa. Ila umekuja mapema mno. Siku hizi tunaangalia kumbukumbu za kila mkopaji. Deni lako kubwa ni jipya, halina historia. Kamati itataka kuona umelilipa miezi sita bila kuyumba. Na kuna jambo jingine." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Ile kampuni imelipwa, lakini haijatoa taarifa kuwa umemaliza. Hapa unaonekana una deni jipya, na lao la zamani bado liko palepale."

"Kwa hiyo naonekana nadaiwa mara mbili."

"Ndivyo. Wafuate wakupe barua ya kumaliza deni, na uhakikishe wamerekebisha taarifa zako. Usikope popote, hata kidogo. Kisha urudi."

Alitoka nje. Alimpigia Kipriani, akamweleza kila kitu bila kuficha.

"Miezi sita ni mirefu, mwana wanje. Busunzu sina hata paa. Nitasubiri ninavyoweza, lakini sikuapii."

Mwanahawa aliifuata ile kampuni mpaka wahudumu wakamjua kwa jina. Waliahidi, wakasahau, wakaahidi tena. Barua ilipotoka, mvua za masika zilikuwa zinapiga mabati ya Kasulu, na Warundi walikuwa wameanza kuvuka mpaka wakikimbia machafuko ya kwao. Baadaye mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Nduta, karibu na Kibondo, ikafunguliwa upya. Mashirika ya misaada yakamiminika Kibondo kutafuta nyumba, na kodi zikapanda juu kama moshi.

Aliposikia hayo, Mwanahawa alijua nyumba imekwenda. Nani angemngoja mwalimu aliye bado kwenye foleni ya benki? Alikaa kitandani akalia, si kwa ajili ya kuta, bali kwa ile sauti ya mama aliyokuwa ameanza kuisahau.

Kipriani alipopiga simu, hakutaka kupokea. Akapokea.

"Nimewapangisha watu wa shirika," alisema mzee. "Wamelipa mwaka mzima, mabati ya Busunzu nimeshanunua. Sasa sina haraka. Kamilisha mambo yako ya benki. Bei ni ileile niliyokutajia."

"Mzee, wengine wangekupa mara mbili."

"Wamekuja. Lakini neno nilikwishakupa."

Novemba, ile kampuni ilipokuwa hatimaye imerekebisha taarifa zake, Athuman alimpa mkono: kumbukumbu zake zilikuwa safi, mkopo umepita. Mkataba wa mauzo ulipotiwa saini, Mwanahawa alipanda basi kwenda Kibondo, mwenye nyumba asiye na ufunguo. Aliyeishi humo alikuwa Apoline, Mkongomani aliyetumwa na lile shirika kutoka kambi ya Nyarugusu kufanya kazi na wakimbizi wapya wa Nduta.

"Ingia, mama. Hapa ni kwako," alisema Apoline.

"Bado ni kwako, mpaka mkataba uishe. Nimekuja kuangalia tu."

Wakaketi uani. Apoline akaleta chai, na bila kuulizwa akaanza kusimulia nyumba ya kwao Uvira, mlango wake wa kijani, na nyanya yake aliyekataa kuondoka. Alisimulia muda mrefu. Mwanahawa, aliyekuwa amekuja na yake ya kukumbuka, aliyaweka kando akamsikiliza, mpaka chai ikapoa na Apoline akainuka kuipasha moto.