Vilima vya Sauti ya Mama

Baba alikuwa fundi bati. Alipinda na kugonga mabati maisha yake yote: mapipa, mifereji ya paa, masanduku, ndoo. Nyundo ilitulisha, na nyundo hiyohiyo ikamla masikio polepole. Sisi nyumbani tulijua kabla yake. Yeye alishikilia kwamba ni sisi tulioanza kunong'ona.

"Midomo mmeigandisha kwa gundi?" aliuliza mezani. "Semeni kama watu!"

Mama hakubishana naye. Aliongeza sauti kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayepandisha utambi wa taa. Mwishowe hata "chumvi imekwisha" ilitoka kwake kama tangazo la mkutano. Waliishi hivyo, wakapendana kwa makelele.

Halafu Mama akaota uvimbe kooni. Wakampasua, uvimbe ukatoka, na sauti ikaondoka nao. Kilichobaki kilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake. Mimi nikikaa karibu nilimsikia vizuri. Baba hakusikia kitu. Alimtazama midomo, akakisia, akakosea, akakasirika, akaomba radhi. Mama alijaribu kumwandikia, lakini haikuchukua muda akaitupa kalamu, akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Ugomvi wa kuandika hauna ladha," akaniambia.

Baadaye daktari aliyempasua alituita mimi na Mama peke yetu. Akatuambia ugonjwa umeshuka kifuani, na kwamba siku zilizobaki si nyingi. Mama hakulia. Tulipofika kwenye ngazi za nje alinishika mkono, akasimama kupumzika.

"Mpeleke baba yako akawekewe mashine za masikio," akasema. "Nina mengi ya kumwambia, na sitaki yapitie kwako."

Baba alikuwa amezikataa mashine hizo kwa miaka. Nilipomwambia kwa vidole na kwa kelele kwamba Mama ndiye anayetaka, hakubisha. Alivaa shati la kutokea, akatangulia mlangoni.

Mpimaji wa masikio alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Chumba chake kilikuwa na zulia ukutani, si sakafuni, ili sauti isirukeruke. Alimwingiza Baba kwenye kibanda chenye mlango mnene kama wa jokofu, akamvalisha visikizi, akampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Sisi tulimtazama kupitia kidirisha. Alikaa wima kama mwanafunzi kwenye mtihani. Milio minene aliibonyezea upesi. Ilipoanza kuwa myembamba kidole kikatulia. Kila mpimaji alipotuma mlio, taa ndogo iliwaka kwenye mashine yake. Iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, na Baba ametulia tuli, anasubiri tuanze.

Mama aliitazama taa ile, kisha akatazama sakafu.

"Mbona mlango ukigongwa anasikia," nikauliza, "lakini Mama hamsikii?"

Mpimaji akachora kitu kama konokono kwenye karatasi. "Ndani kabisa ya sikio kuna hiki. Kimejaa maji na vinyweleo vidogo mno. Vya huku mlangoni vinapokea sauti nyembamba, vya ndani vinapokea nene. Sasa, kelele zote lazima zipite mlangoni. Umeona zulia la mlangoni linavyochakaa kabla ya mengine?"

"Na vikishakufa?"

"Havioti tena. Mashine haifufui kitu, dada. Inaipandisha sauti mpaka vile vilivyobaki viipate." Akamgeukia Mama, akashusha sauti yake mwenyewe. "Na sauti yako sasa, mama, ni pumzi tupu. Pumzi iko hukuhuku, kwenye zulia lililochakaa. Sikudanganyi, ni kazi ngumu. Lakini sijasema haiwezekani."

Akaanza na kuchukua umbo la sikio. Alimulika ndani, akasukuma kipande cha sponji chenye uzi ili kuilinda ngoma ya sikio. Akakanda dawa mbili za rangi ya waridi kwa vidole, akazijaza kwenye bomba kama la sindano, akazisukuma taratibu mpaka tundu likajaa.

"Baridi!" Baba akapiga kelele. "Unaniziba kama mtaro!"

"Tulia, baba. Usitafune, usicheke."

"Nicheke nini, na nimezibwa?"

Ilipokauka aliichomoa kwa kuizungusha. Baba aliomba aishike. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuzageuza kama anavyogeuza kazi ya fundi mwenzake.

"Hii ni kalibu," akasema.

"Ndiyo hasa, fundi. Karakana itatoa kipande cha plastiki kinachofanana nayo, kikae humo bila kuacha nafasi."

"Nimezeeka nacho kitu hiki, sijawahi kukiona." Sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akampa Mama. Mama akaiweka kiganjani. Ilikuwa na kona mbili, na mwishoni ilikuwa nyembamba kama ncha ya kidole cha mtoto. Nilifikiri: kilio changu cha kwanza kilipita hapa, kikapinda kona hizi mbili, kikamfikia. Sikuwahi kuwaza kwamba kuwa baba wa mtu ni njia fupi namna hiyo.

Tuliporudi wiki iliyofuata, vipande vya masikio yote mawili vilikuwa tayari, vimeunganishwa na mashine ndogo za kukaa nyuma ya sikio. Mpimaji alimvalisha zote mbili, akabonyeza kitu kwenye kompyuta.

Baba akashtuka. "Nani anakwaruza?"

"Kidevu chako, baba. Kinagusa kola."

Akakitikisa kichwa kushoto na kulia, akasikiliza kola yake. Akasugua viganja. Akapumua kwa makusudi. Mpimaji akakunja karatasi, na Baba akageuka kumtazama kama vile karatasi imemwita kwa jina. Kisha mpimaji akapiga makofi kwa nguvu, nami nikaogopa kwamba atamuumiza, lakini Baba alipepesa macho tu.

"Sauti kubwa haiongezwi," mpimaji akanieleza. "Ndogo ndiyo inayobebwa. Ndani ya hiki kidude kuna kipaza sauti na kompyuta ndogo kuliko punje ya mchele. Inaamua kila mara, kufumba na kufumbua: hii niinue, hii niiache."

"Wewe," Baba akaniambia. "Sema kitu."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba! Kumbe una sauti ya bibi yako. Maskini!"

Tukacheka wote. Kisha Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akasema jina lake.

Baba aliendelea kutabasamu, akitungojea.

Mama akasema tena. Hakuna kitu. Nilimwona akikunja leso yake kwenye ngumi.

"Bado sijamaliza," mpimaji akasema haraka. "Hapo nimeweka kipimo cha sauti za watu wote. Sasa tuweke cha mtu mmoja."

Alileta mrija laini, mwembamba kama uzi, akaupenyeza kando ya kile kipande hadi karibu na ngoma ya sikio. Mrija ule, alisema, unasikiliza kile kinachofika ndani hasa. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mweusi ulioteremka kisha ukapanda. "Mstari huu ndio mlango wa baba. Sauti iliyo chini yake, kwake yeye haipo duniani. Mama, sogea hapa. Ongea naye kama mnavyoongea nyumbani."

Mama akavuta pumzi, akainua mabega, mishipa ya shingo ikasimama. Kilichotoka ni mkwaruzo, kisha kikohozi kirefu. Nikampa maji.

"Hapana, mama, usimpigie kelele," mpimaji akasema. "Nikipima kelele, nitampimia kelele. Nataka sauti uliyo nayo ukiwa umechoka."

Mama alinigeukia. "Sijui kumsemesha hivyo," akaniambia kwa pumzi. "Tangu ujana wetu namwita kama niko ng'ambo ya mto. Sijui kabisa."

"Hiyo hapo!" mpimaji akanyoosha kidole kwenye kioo.

Chini ya mstari mweusi vilikuwa vimeota vilima vya kijani. Vilima vidogo, vya chini, vikipanda na kushuka. Mama alifunga mdomo, vikalala. Alifungua, vikaamka. Ilikuwa ni sauti yake. Niliyokuwa nikiisikia kabla sijazaliwa, sasa niliiona kwa macho, ina mabonde na migongo, na yote ilikuwa upande ule ambao kwa Baba haupo duniani. Mama mwenyewe aliinama karibu na kioo. "Ndiyo mimi?" akauliza, na vilima vikauliza naye.

Mpimaji alianza kuvipandisha. Alibonyeza, akamwomba Mama ahesabu, akabonyeza tena. Vilima vikasogea, vikasogea, kilele cha kwanza kikaugusa mstari. Ghafla mashine ikapiga filimbi kali, Baba akaruka kitini.

"Inavuja," mpimaji akasema, akishusha. "Sauti inatoka nje, inarudi kwenye kipaza sauti, inazunguka."

Baba, aliyejua uvujaji, akauliza unatokea wapi. Mpimaji akamwonyesha: kipande kilikuwa na tundu dogo la hewa, ili sikio lisijisikie limezibwa. "Nikiliziba, nitapata nguvu ninayoitaka. Lakini sauti yako mwenyewe itakuvumia kama uko ndani ya pipa."

"Binti, maisha yangu yote nimeishi ndani ya pipa. Ziba!"

Akaliziba kwa kizibo kidogo alichokishika kwa kibano, na la sikio la pili vilevile. Akaanza upya. Mama alihesabu bila kujikaza, taratibu, kama anayebembeleza. Filimbi haikuja. Kilele kimoja kikavuka mstari, kikafuata kingine, kisha migongo yenyewe ya vilima ikapita juu, kijani juu ya weusi. Mpimaji akaondoa mkono kwenye kompyuta taratibu, kana kwamba inaweza kumwagika.

"Baba, tazama ukutani, usimwone midomo. Mama, mwambie lolote."

Mama alimtazama mgongo kwa muda. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake na bado ilibidi niinamishe kichwa ili nimsikie.

"Umekosea vifungo," akasema.

Mkono wa Baba ukapanda kifuani. Ukashuka, kifungo baada ya kifungo, mpaka ukafika pale shati lilipopishana, ukaanza kufungua. Mpimaji alivua miwani. Kisha mkono ukasimama katikati, shati likiwa wazi, na Baba akauambia ukuta:

"Sema tena."

"Nimesema umekosea vifungo. Tangu asubuhi."

"Na umeniacha nipite njia nzima hivi?"

"Ningekuambiaje?"

Akataka kugeuka. "Mrija, baba! Usigeuke!" mpimaji akapiga kelele, akimshika bega. Baba akabaki ameutazama ukuta, mabega yakitikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Mama hakungoja mrija utolewe. Alizunguka meza, akasimama kati yake na ukuta, akamfunga vifungo.

Mama aliishi mpaka mvua zilipokatika. Baba alivaa mashine zake asubuhi kabla ya viatu. Karakanani kwake hakwenda, aliketi kwenye kiti kando ya kitanda. Alasiri moja niliwapelekea chai. Mama alikuwa amelala ubavu, midomo ikienda, na Baba ameinamisha kichwa, macho ameyafumba. Mara akatikisa kichwa, "Hapana, haikuwa hivyo," akasema polepole. Mama akaendelea, na Baba akacheka kicheko kidogo ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Nilisimama na sinia mlangoni. Nilitega masikio yangu haya mazima, nikasikia pazia na gari lililopita mbali. Nikapiga hatua ndani. Baba alinyanyua kiganja bila kufumbua macho.

"Weka hapo, mwanangu, urudi baadaye," akasema. "Mama yako hajamaliza."