Dawa Zote Zikabidhiwe

Kanuni ile aliitunga mwalimu wa afya mwenyewe, na siku aliyoibandika ukutani alijiona kafika. Mwaka uliotangulia mtoto wa darasa la pili alikuta vidonge kwenye begi la mwenzake, akavila akidhani ni peremende. Wakamkimbiza hospitali, wakamsafisha tumbo, akapona, lakini shule nzima ilikuwa imeshachanganyikiwa. Ndipo mwalimu akakaa chini akaandika: dawa zote zikabidhiwe kwa mwalimu wa afya, zifungiwe kabatini, asionekane mwanafunzi na dawa begini. Likaletwa kabati la chuma. Kufuli alikwenda kulichagua mwenyewe, na mawili ya kwanza aliyakataa kwa kuwa yalikuwa mepesi. Mkaguzi alipopita alilitikisa lile kabati, likagoma, akamsifu mbele ya walimu wote. Nani asingevimba kichwa?

Wa kwanza kukabidhi alikuwa Chiriku wa darasa la nne. Walimwita hivyo kwa domo lake. Pumu ingembana akabaki na pumzi ya maneno matatu tu, na hayo matatu angeyatumia kumchongea mtu. Mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyeleta pampu ya pumu, ile ya kupuliza mdomoni, na hakuiachia mara moja.

"Mwalimu, huyu hulala nayo chini ya mto. Ikimbana haisubiri hata dakika tano."

"Ikiwa kwangu iko salama, mama. Mimi siondoki hapa."

Siondoki hapa! Binadamu tuna midomo.

Jumatano moja akaondoka. Aliitwa kwenye semina ya siku moja ya afya na usalama wa mtoto shuleni, na wa kueleza habari za kabati angekuwa nani kama si yeye? Alivaa gauni lake la maana, na ufunguo akautia mkobani kama siku zote. Simu ziliachwa mlangoni, zimezimwa. Saa nne na nusu alikuwa amesimama mbele ya ukumbi akieleza jinsi ambavyo mtoto hawezi kulifungua kabati lile hata afanyeje. Wakampigia makofi.

Saa nne na nusu hiyo hiyo darasa la nne walikuwa wametoka kufagia, vumbi limejaa mpaka dirishani. Kifua cha Chiriku kikaanza kupiga filimbi. Mwalimu wake wa darasa alimbeba mbio mpaka chumba cha afya, maana kila mtu alijua dawa iko wapi. Wakatafuta ufunguo kwenye droo, juu ya dirisha, chini ya kitambaa cha meza. Wakapiga simu, haipatikani. Mlinzi akaja na nondo. Kufuli lilikuwa zuri, lilichaguliwa na mtu makini, likawasumbua karibu robo saa. Lilipokatika, Chiriku alikuwa ameshakata roho pale sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya mwalimu wake.

Mwalimu mkuu hakupoteza muda. Jioni, hata kabla ya mazishi kupangwa, aliwakusanya walimu wote, na mwalimu wa afya akiwemo, cheti cha semina bado kiko mkobani.

"Mtoto alipewa dawa," alisema. "Dawa ilikuwa imekwisha. Sijui kama tumeelewana."

Walielewana. Mwalimu wa afya aliinamisha kichwa, naye akaelewa. Kabati likatiwa kufuli jipya, zito kuliko la kwanza, na kanuni ikabaki ukutani.

Siku ya tisa Mama Chiriku akaja kuchukua madaftari ya mwanawe. Alikuwa amemshika mkono mdogo wake Chiriku, msichana wa miaka sita mwenye kidole mdomoni. Mwalimu wa afya alikuwa peke yake chumbani. Tangu siku ile alikuwa hali akashiba wala halali akalala, na alikuwa amejiapiza kwamba atampa mama pole, atampa madaftari, basi.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemuua," mama akasema kabla hajakaa.

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje? Nilijua pampu ni ya siku nyingi. Jumatatu ile nilikuwa niende kliniki kuchukua nyingine, nikapata kazi ya sare za kwaya, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo, mwalimu! Baba yake hasemi na mimi. Tangu tuzike analala kwa kaka yake. Cherehani nimeifunika shuka, siwezi hata kuitazama."

Dirishani mwalimu mkuu akapita polepole, akakohoa. Mwalimu wa afya alikielewa kikohozi kile. Aliiwaza kazi yake ya miaka kumi na saba, akawawaza polisi. Halafu akaiona mikono ya yule mama, haijui pa kutulia, na uvumilivu ukamwishia. Wala haukuwa ujasiri. Alishindwa tu kubeba. Akavuta droo, akatoa pampu, akaiweka mezani.

"Haikuwa imekwisha," alisema. "Na hakupewa. Ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo nilikuwa nao mimi, kwenye semina."

Mama aliitazama ile pampu muda mrefu. Akaichukua, akaitikisa, akaibonyeza hewani. Ikafuka. Akaibonyeza tena. Ikafuka.

"Mama, ya dada inafanya kazi!" mtoto akasema kwa furaha.

Mwalimu alingoja kofi. Alilitaka. Alitaka atukanwe, aburuzwe mpaka uwanjani wanafunzi wote wamwone. Mama hakuinua hata mkono.

"Bora ungeniacha nijue ni mimi," alisema. "Nilishaanza kuzoea. Sasa nianze upya, kwamba dawa ilikuwepo, hatua tatu tu kutoka alipolala."

"Nitakwenda mwenyewe kituoni," mwalimu akasema huku analia. "Leo leo. Nitasema kila kitu."

"Nenda. Ukienda, atarudi?"

Mama akapangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake, akamvuta mtoto karibu. Akauliza kama kuandikisha darasa la kwanza kunafungwa leo.

"Huyu? Utamleta hapa, mama?"

"Shule nyingine iko wapi, mwalimu? Ng'ambo ya barabara kuu, kilomita tisa. Atafikaje?"

Mwalimu akatoa fomu, akaandika jina la mtoto, umri, jina la mama. Alipofika kwenye nafasi ya maradhi kalamu ikasimama, maana alikuwa akikisikia kifua cha mtoto kinapiga filimbi kwa mbali.

"Naye anayo?"

"Anayo. Usiandike."

"Lazima niandike, mama, ili walimu wajue."

"Ukiandika mtamnyang'anya." Mama alisema taratibu, kama anayepima kitambaa. "Nitamshonea mfuko ndani ya sare, kwa upande wa ndani kabisa. Nitamfundisha asimwonyeshe mtu. Hata mwalimu. Hasa mwalimu."

"Na siku ikimbana vibaya, mama? Akianguka, na sisi hatujui ana nini?"

"Ya dada yake mlijua."

Mtoto alikuwa amepanda kwenye kiti, anachungulia fomu, anauliza jina lake liko wapi. Mwalimu akamwonyesha. Kisha kwenye nafasi ya maradhi akaandika "Hana", akagonga muhuri, na mama akakunja nakala yake akaitia kwenye mfuko wa madaftari.