Pale Kinu Kinapoacha Kusikika

Fomu sitini na mbili, na karibu zote zina alama kwenye kisanduku kimoja. Sababu ya kutolima shamba la zamani: umbali. Safi alikuwa ameuliza mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mtaa mzima wa Mikelenge, mpaka viatu vikalika upande. Leo Arsène, asistanti wa chuo kikuu anayesimamia utafiti, anamwambia fomu hizo hazisadikiki. Kumwita mtu mwongo kwa adabu, basi.

Arsène alikuwa amepima kwa simu. Kutoka nyumba za mwisho hadi mashamba ya ng'ambo ya kijito ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Utafiti wao wa uchumi ulitaka kujua jambo moja tu: kwa nini watu wenye udongo mzuri hivyo wananunua mihogo ya kutoka Pangi? Wakubwa wa chuo walidhani ni mbegu, au majembe, au uvivu tu, maana mwenye kiti cha kukalia haoni shida kumwita mwingine mvivu. Umbali hawakuudhani. Kwa hiyo ama wamama walimchezea Safi, ama Safi alijaza fomu akiwa ameketi kwake. Kesho zingetupwa, na jina lake lingetupwa nazo. Mji wa Kindu si mkubwa. Mkusanyi wa habari akishaitwa mwongo, hakuna atakayemwita tena kazini.

Safi hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa amechoka, na hasira yake yote ilikuwa kwa wale wamama. Akamwambia Arsène waende wakaone kwa macho.

Wakatoka asubuhi hiyohiyo. Nyuma ya nyumba, bustani za mihogo zilibanana. Mama Ramla, mjane wa nyumba ya mwisho, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Akawasalimu bila kuacha mchi. Wakapita. Bustani zikaisha, nyasi zikaanza, kijito kikaonekana.

Hapo miguu ya Safi ikagoma.

Arsène akatangulia hatua kumi, akageuka, akamwita. Safi alimsikia vizuri. Kitu ambacho hakukisikia tena ni kinu cha Mama Ramla.

Safi alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule wa vita, mji ulipozingirwa na njaa ikaingia kila nyumba. Wanawake walipatana: kila nyumba ibaki na mtu wa kutwanga kinu kitupu, na wanaolima wasivuke pale kinapoacha kusikika. Kikinyamaza, adui ameingia; kimbieni. Kwao mtwangaji alikuwa Safi. Lakini mihogo ya karibu iliisha, na siku moja mama yake akavuka. Safi akatwanga tangu asubuhi hadi magharibi, malengelenge yakapasuka, hakuacha. Mama hakurudi.

Alimweleza Arsène hayo yote kwa sauti kavu, amesimama palepale, bila kulia. Machozi yaliisha zamani.

"Mimi nilifikiri wananidanganya," akasema. "Tangu vita sijafika hapa. Sikujua kama na mimi njo vile, siwezi kuvuka."

Arsène alifungua ramani kwenye simu, akaitazama kwa muda. Bustani zote sitini na mbili ziliishia kwenye mstari mmoja, palepale waliposimama, na yeye wiki nzima alikuwa ameuandika kuwa ni mpaka wa udongo mzuri. Akakaa kwenye nyasi.

"Yaya Safi, unisamehe," akasema, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa. "Fomu zitabaki. Na mbegu hazitasaidia kitu."

Kisha akatoa fomu tupu, maana Safi naye alikuwa mtu wa Mikelenge na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akauliza kwa upole, swali kwa swali, kama Safi mwenyewe alivyozoea kuwauliza wengine. Shamba la mama yako, liko bado?

"Iko," akasema Safi, na akanyoosha kidole ng'ambo ya maji. Lilionekana kutoka pale, na mchikichi wake mmoja.

Kwa nini hulimi?

Safi akachukua kalamu mkononi mwa Arsène, akatia alama mwenyewe. Umbali.