Jani la Vitanzi Saba

Wifi yangu alifumua mistari kumi na miwili ya shali yake mbele ya watu sita, na hakuna aliyemzuia. Uzi ulikuwa wa rangi ya maziwa. Aliuvuta kwa mkono wa kulia na kuuzungusha kwenye vidole vya mkono wa kushoto bila kuukaza, na kila mstari ulipokwisha alitua kidogo kabla ya kuanza mwingine. Mimi nilikaa mkabala naye, kulabu ya kufumia mkononi, nikijifanya nahesabu.

Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kungojea cha kliniki ya meno, kwa sababu nilikuwa mpokea wagonjwa pale na funguo zilikaa kwangu. Ndiyo maana waliniita Mama Funguo. Tulisogeza mabenchi, tukaweka meza katikati, chini ya picha kubwa ya jino lililopasuliwa kuonyesha mizizi, na kila mtu akatoa alichofuma wiki ile. Kazi haikuwekwa mezani uso juu. Uliiweka kifudifudi, mgongo utangulie kuonekana, maana mkunga mstaafu aliyetuongoza alishikilia kwamba uso kila mtu anaweza kuupamba. Ukiwa umekosea, hakukugombeza. Alikuonyesha mahali kwa ncha ya kulabu, nawe ukafumua palepale, mbele ya wote. Sote tulishafumua, hata yeye. Na aliyebuni nakshi mpya, mchoro wake uliingia katika daftari la miraba kwa jina lake.

Nilifuma miaka sita bila kubuni hata ukingo wa kitambaa. Nilikuwa na mkono safi na kichwa kikavu. Leo nayasema haya kama nasoma cheti cha mtu mwingine, lakini wakati ule yaliniuma sana.

Wifi, dada wa mume wangu, alikuja kukaa kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika. Tulimpa chumba cha nyuma. Zamani alikuwa mcheshi, wa kuwavunja watu mbavu. Aliporudi alikuwa kama taa iliyozimwa, na akisikia wageni sebuleni alipitia mlango wa jikoni. Nikamfundisha kufuma ili mikono yake isikae bure. Mambo ya mwanzo tu. Miezi michache baadaye nikakuta kitandani kwake shali ya mtoto yenye majani yaliyolala upande mmoja, kana kwamba yamepitiwa na upepo. Sikuwahi kuona nakshi ile popote. Nilipomuuliza, akasema ilimjia tu.

Kesho yake kazini, wagonjwa walipopungua, nilijaribu jani lile kwa kukumbuka. Nilitaka kuona tu kama naliweza. Jumamosi nilikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakiweka mezani kifudifudi. Mkunga akakitazama, akakigeuza, akaniuliza jani hili nimelitoa wapi.

"Nyumbani," nikasema.

Halikuwa neno la uongo. Wakapiga makofi. Fundi saa, mwanamume pekee katika kundi letu, akasema leo Mama Funguo amefungua kabati aliloficha miaka yote. Kabla sijapata la kuongeza, ukurasa ulikuwa umeshaandikwa jina langu, nami nikauacha.

Nyumbani nilimwambia wifi kwamba nimewaonyesha jani lake na wamelipenda. Akaacha kumenya viazi. Akataka kujua walisema nini hasa, nani alisema, alisemaje. Nikamweleza sifa zote, neno kwa neno. Nilichoacha ni kwamba walikuwa wakinisifu mimi. Ikawa ndio mtindo wetu. Kila Jumamosi jioni aliningoja, nami nikamletea sifa zake kama mtu aletaye barua zilizokwisha kufunguliwa. Akaanza kukaa sebuleni. Akaanza kuimba jikoni, na mume wangu akanishukuru kwa kumrudishia dada yake.

Wakati huo nilikuwa nimeshagundua kwamba nilikosea. Jani la wifi lilikuwa na vitanzi vinane, na kile cha nane ndicho kilicholilaza. Mimi niliwafundisha wenzangu saba. Majani yao yalisimama wima kama askari kwenye gwaride, nao waliyapenda hivyohivyo. Sikuwasahihisha. Ningesema nimelijuaje kosa?

Mwezi wa nne nikamkuta wifi ameshavaa, shali yake imo mfukoni, ananingoja mlangoni.

"Leo twende wote, wifi. Nikawasalimu wale watu wako."

Kutoka nyumbani hadi kliniki ni mwendo wa dakika kumi. Nilizimaliza zote nikizungumzia bomba lililopasuka barabarani.

Aliiweka shali kifudifudi, kama nilivyokuwa nikimsimulia. Mkunga akaipitia kwa ncha ya kulabu, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba mimi wifi yake nimemfundisha vizuri, mkono anao, ila majani yamelala kwa sababu amezidisha kitanzi. Wifi akatabasamu. Alidhani anataniwa. Kisha akanitazama, na tabasamu likabaki pale bila mwenyewe.

Fundi saa akapandisha miwani. "Mimi naona yamelazwa kwa makusudi," akasema. "Mama Funguo, jani ni lako. Ni saba au ni nane?"

Sikuhitaji ujasiri mkubwa. Lilikuwa neno moja, nane, tena la kweli. Niliwatazama wale watu walioniheshimu, nikautazama mfuko wa wifi uliokuwa bado mapajani mwake.

"Ni saba," nikasema.

Akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, jambo ambalo sikulitegemea. Alijifunza jani la vitanzi saba akalifuma vizuri kuliko mimi, na hakubuni jingine. Baadaye alipata kazi kwenye kiwanda cha sare, akahamia kwake. Mkunga ameshafariki, na daftari liko kabatini mwangu. Mimi na wifi hatujawahi kugombana hata siku moja. Watu hututolea mfano, na kila wakifanya hivyo naona aibu.

Alasiri ile ya kufumua tulirudi nyumbani, yeye akitangulia. Kwenye mlango wa nyumba alisimama, mkono kwenye kitasa, bila kunigeukia.

"Nilifumua polepole, wifi," akasema. "Nilidhani unatafuta maneno."

Nilikuwa nayo. Nikamwambia avue viatu, sakafu ilikuwa imepigwa deki.